Mwenzangu wa Nyumbani

Kinyozi yule alikuwa na kazi mbili, na zote mbili zilimtaka asimame. Siku za wiki alisimama nyuma ya kiti chake cha kunyolea, katika chumba chembamba chenye kioo kirefu na kalenda ya mwaka uliopita. Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa, shati jeupe, tai nyembamba, akiwapokea waumini mmoja mmoja. Watoto walimwita Babu Karibu, kwa kuwa ndilo neno walilolizoea kutoka kinywani mwake. Kichwa cha mtu alikijua kwa kukishika na mkono wa mtu aliujua kwa kuusalimia. Aliyetoka kugombana na mkewe alimtambua kabla hajavuka kizingiti.

Alikuwa pia mmoja wa wazee wa kanisa, ila vikaoni hakuwa msemaji. Akiulizwa maoni alijibu, "Mimi ni mtu wa mlango," wenzake wakacheka na kuendelea na mambo yao.

Alikuwa na dada mmoja, mkubwa wake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, aliyefundisha watoto shule ya Jumapili tangu ujana wake. Nusu ya kanisa ilipita mikononi mwake. Hata mchungaji wa sasa alijifunza amri kumi kwake, na mpaka leo, akikasirika, yule mama alimwita "wewe mtoto." Kiharusi kilipompata kilimchukulia miguu kikamwachia ulimi.

"Mungu anajua kugawa," aliwaambia waliokuja kumpa pole. "Angechukua ulimi akaniachia miguu, ningekufa siku hiyo hiyo."

Mwanawe wa pekee alikuwa muuguzi katika mji wa mbali. Aliposikia habari aliomba uhamisho, akarudi nyumbani kumtunza mama yake. Hakurudi peke yake. Alikuja na mwanaume wa makamo yake, mrefu, mpole, fundi wa majokofu, mwenye gari dogo la mizigo lililoandikwa ubavuni namba ya simu. Wakachukua chumba cha nyuma. Mama mtu hakuuliza kitu. Wiki ya kwanza tu alikuwa ameshamzoea yule fundi kiasi cha kumgombeza kwa kuacha taulo kitandani, na asiyegombezwa na mama yule alikuwa mgeni bado.

Kanisa lao lilijengwa juu ya msingi mrefu, nalo lilikuwa na ngazi. Kumpandisha mama yule pamoja na kiti chake cha magurudumu haikuwa kazi ya lelemama. Lakini wale wawili walikuwa na namna yao. Muuguzi alishika nyuma, fundi akashika mbele, wakatazamana, wakavuta pumzi pamoja, kiti kikapanda polepole kama trei ya mayai. Akina mama wa kwaya waliwatazama wakasema, "Heri aliyezaa." Kinyozi aliwashikilia mlango. Wakaingia, wakakaa benchi la mbele, mama katikati.

Jumapili yao ya kwanza wageni waliombwa wasimame wajitambulishe. Muuguzi akasimama, akasema yeye si mgeni, amekulia humu humu. "Na huyu," akasema akimgusa bega aliyekaa ng'ambo ya mama, "ni mwenzangu. Tumekuja kumtunza Mama."

Watu wakapiga makofi. Mwenzangu ni neno pana: mwenzako kazini, mwenzako safarini, mwenzako wa kupangisha chumba. Kila mtu akalipokea kwa upana uliomfaa.

Mambo yakakaa hivyo hadi siku jokofu la jiko la kanisa lilipogoma. Mama Kwaya, kiongozi wa waimbaji, akamwomba fundi alitazame baada ya ibada. Fundi akavua koti, akapiga magoti nyuma ya jokofu na tochi mdomoni. Mama Kwaya akasimama pale kumpa maneno, kama watu wanavyompa maneno fundi ili asijisikie mpweke.

"Kwa hiyo mnafanya kazi hospitali moja na mwanetu?"

Fundi akatoa tochi mdomoni. "Hapana, Mama. Mimi hospitali naingia nikiumwa tu. Kazi yangu ndiyo hii."

"Sasa ni mwenzako kivipi?"

Angeweza kudanganya, na wengi wangemshauri adanganye. Lakini alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa. "Mwenzangu wa nyumbani," akasema, akarudisha tochi mdomoni.

Jokofu likapona. Neno lile, hata hivyo, likatoka jikoni likaenda zake. Watu walirudi nyuma wakaanza kulitafuna upya: siku ile alisema mwenzangu, kumbe mwenzangu yenyewe ndiyo hii! Aliyewahi kuwaona sokoni wakichagua nyanya pamoja akakumbuka walivyochagua. Kwenye kiti cha kunyolea mazungumzo yalikufa kinyozi alipoinua mashine, kisha yakafufuka alipokwenda kuchukua spiriti. Akaelewa kwamba yeye ndiye anayefichwa, maana mjomba mtu ni yeye.

Mambo yenyewe hakuyaelewa, wala hakujidai anayaelewa. Alilelewa na mafundisho ya kanisa lile na hakuwahi kuyauliza maswali. Alichojua ni kwamba mpwa wake alikuwa mtoto wa kicheko, kwamba ujanani kicheko kile kilikauka bila mtu kujua sababu, na kwamba sasa, akiwa na mvi mbili tatu kisogoni, kilikuwa kimerudi. Kicheko hicho hakukiunganisha na yule fundi.

Wazee wakakutana chumba cha maombi, alasiri, madirisha yamefungwa japo joto lilikuwa kali. Mwenyekiti wao alikuwa na duka la dawa, mtu msafi na mwenye haki kwa kadiri ya haki aliyoijua, ambaye hakuwahi kumuuzia mtu dawa iliyopitwa na muda.

"Hatumchukii mtu," alianza. "Lakini watoto wetu wanatazama. Tukinyamaza tumefundisha."

Mzee mmoja akasema hata watoza ushuru walikaribishwa.

"Walikaribishwa wakaacha," mwenyekiti akajibu.

Mchungaji, ambaye tangu mwanzo alikuwa akikunja na kukunjua kipande cha karatasi, akasema kanisa ni hospitali ya wagonjwa.

"Hospitali gani inayomfukuza muuguzi?" mwingine akadakia, watu wakacheka kidogo kisha wakaona aibu.

Kinyozi aliketi karibu na mlango. Kando ya mwenyekiti alikaa mzee mmoja aliyeongea kwa ukali kuliko wote juu ya ndoa takatifu, na kinyozi alijua kuwa mzee huyo alikuwa na watoto wawili wa kiume upande wa pili wa mji ambao mkewe hakuwajua; yeye ndiye aliyewanyoa. Neno lilimfika kwenye ulimi. Akalimeza. Kinyozi akianza kumwaga anayoyasikia kitini, mji mzima utabaki na nywele ndefu. Tena, alijiuliza, akimfungia huyu mlango, atakuwa amemfungulia nani?

Mwisho wakakubaliana kwamba wale wawili waombwe kupumzika. Hilo ndilo neno lililochaguliwa, kupumzika, baada ya mengine kuonekana makali. Wapumzike kuja ibadani mpaka watakapotengeneza maisha yao. Mama bila shaka aendelee kuja, wazee wenyewe watambeba. Kura ikapigwa kwa mikono. Mkono wa kinyozi haukuinuka kukubali wala kukataa.

Ikabaki nani atamfunga paka kengele. Wote wakamgeukia.

"Wewe ni mjomba wake," mwenyekiti alisema kwa upole. "Ikitoka kwako haitauma sana."

Muuguzi alikuja kunyolewa katikati ya wiki, mchana, kabla ya zamu yake. Kinyozi akamfunga shuka shingoni, akawasha mashine, akaizima, akaifuta, akaiwasha tena.

"Mjomba, leo unawasha na kuzima tu."

"Uzee huo."

"Wiki iliyopita hukuwa mzee."

Kinyozi akanyoa upande wa kushoto wote. Kisha akaizima mashine, akasema akitazama kisogo, maana kwenye kioo asingeweza. Akasema yote: kikao, uamuzi, na kwamba Mama atabebwa na wazee. Akalisema na lile neno la kupumzika.

Muuguzi akatazama mlango kwenye kioo. Nje kijana mmoja alikuwa akipiga honi ya baiskeli, anacheka na mtu.

"Tupumzike," akasema hatimaye. "Kwani nani kawaambia tumechoka?"

"Ndivyo walivyosema."

"Na wewe ulisemaje?"

"Sikusema."

"Hukusema." Alilirudia polepole, bila hasira, kama anayesoma kipimo cha joto la mgonjwa. "Unajua, mjomba, nilipoondoka hapa nilisema sitarudi kanisani kokote. Yeye ndiye aliyenirudisha. Kila Jumapili ananiamsha: twende, twende, tutachelewa. Mimi ningelala." Akacheka kidogo, kicheko kikakatika. "Sasa nitamwambia nini?"

Kinyozi akaifuta mashine tena.

"Malizia upande huu wa pili," mpwa wake akasema. "Siwezi kwenda kazini nusu kichwa."

Akamalizia. Akampaka poda, akampukuta mabega muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mlangoni muuguzi akageuka. "Mama nitamwambia mwenyewe."

Alimwambia, na inasemekana sauti ya mama yule ilisikika nyumba ya tatu. Jumapili iliyofuata gari la mizigo lilisimama getini. Wale wawili wakamshusha, wakamsukuma mpaka chini ya ngazi, wakarudi garini. Hawakugombana na mtu. Wazee wanne wakashuka kumbeba.

Walikuwa na nia njema, lakini kila mmoja alivuta kwake. Kiti kikainama kushoto, kiatu cha mama kikadondoka, mzee mmoja akasema "polepole" na mwingine akasikia "haraka." Walipofika katikati magurudumu ya mbele yalikuwa hewani na mama amekamata tai ya mwenyekiti kama mtu anayezama.

"Shusheni!" alipiga kelele. "Nimesema shusheni! Mnanibeba kama kabati!"

Wakamrudisha chini, jasho likiwatiririka. Wakaomba wajaribu tena. Akakataa. Akasema atasali hapo alipo, Mungu ana masikio. Kinyozi akamvalisha kiatu, akampelekea mwavuli wa jua, akarudi mlangoni. Ibada ikaanza na mlango wazi. Kila wimbo ulioimbwa ndani uliimbwa na nje pia, kwa ile sauti ya kengele, ikiwa nyuma kidogo ya kwaya, hata Mama Kwaya akachanganyikiwa asijue wa kumfuata. Mchungaji alihubiri macho yake yakienda mlangoni. Na Jumapili ya pili ikawa vile vile, na ya tatu.

Ndipo likaja wazo la mteremko. Kanisa ambalo choo chake kilichukua miaka kukamilika lilijenga mteremko wa saruji kwa wiki moja, vijana wakibeba kokoto, mwenyekiti mwenyewe amekunja suruali akichanganya zege. Ulikuwa mteremko mzuri, mpana, wenye reli ya chuma ya kushikilia. Ulibarikiwa kwa sala. Babu mmoja wa magongo alikuwa wa kwanza kuupita, akalia kwa furaha, maana hakuna aliyewahi kujua jinsi ngazi zile zilivyomtesa.

Kinyozi akamsukuma dada yake. Kiti kikapanda bila taabu.

"Mzuri," dada akasema akiigusa ile reli mpya. "Wamejenga vizuri."

"Wamejitahidi, dada."

"Wameuma, sasa wanapuliza." Hakusema kwa uchungu. "Wanangu wawili walinitosha. Leo sihitaji tena kubebwa na mtu, na ndicho wazee walichokitaka. Sukuma, tutachelewa."

Akaingia, akaimba, akapokelewa kwa vifijo. Kwenye benchi la mbele aliweka mkoba wake upande mmoja na kitambaa chake upande wa pili, na mtu asiketi hapo. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, gari la mizigo lilisubiri vioo vikiwa chini. Mtu akipita karibu angewaona wawili wale, mmoja anasoma gazeti, mwingine amelala, wote wakisikia wimbo.

Ikaendelea hivyo kwa muda, na watu wakaanza kuzoea. Funika kombe mwanaharamu apite. Kinyozi naye alidhani amezoea, ila alianza kuona jambo moja. Kila aliposema "karibu" mlangoni, jicho lilimkimbilia kwenye lile gari, na neno likatoka limepoa, kama chai iliyosahauliwa mezani.

Asubuhi moja ibada ilikuwa imeshaanza alipomwona fundi anakuja kutoka getini, anatembea haraka, kichupa mkononi. Akasimama chini ya ngazi, pale pale yule mama alipokuwa akisimamishwa.

"Shikamoo, mjomba. Mama kasahau dawa zake garini. Alitakiwa kuzimeza pamoja na chakula cha asubuhi. Naomba umfikishie."

Akanyoosha mkono na kichupa. Kinyozi akashuka, akanyoosha wake kukipokea. Mikono ikakutana hapo juu ya ngazi ya kwanza, na kwa mazoea ya miaka yote ile kinyozi, badala ya kukishika kichupa, akaushika mkono.

"Marahaba. Mpelekee mwenyewe."

Fundi akadhani hakusikia vizuri. "Mimi?"

"Yuko benchi la mbele. Karibu."

Lilimtoka, na lilipokwisha kutoka hakutaka kulirudisha. Akatazama getini. "Na mwenzako yuko wapi?"

"Yuko garini."

"Mwite. Jua kali hilo."

Wakaingia wote wawili. Hawakupita pembeni, kwa sababu pembeni hapakuwa na nafasi. Walipita katikati, muuguzi mbele na fundi nyuma na kichupa chake, na kadiri walivyosogea ndivyo wimbo ulivyopungua, benchi kwa benchi, kama taa zinazozimwa. Mama yule hakugeuka. Aliwasikia kwa kimya kile. Akaondoa mkoba upande huu, akaondoa kitambaa upande ule. Wakaketi. Akameza dawa zake kwa maji aliyopewa na msichana wa kwaya.

Mwenyekiti alikuwa amesimama. Watu wakamtazama mchungaji. Mchungaji akatazama benchi la mbele, akakutana na macho ya mwalimu wake wa zamani, naye mwalimu alimtazama tu, hakumwita mtoto wala mchungaji. Mchungaji akashusha macho. Akapekua kitabu chake cha nyimbo.

"Ubeti wa tatu," akasema. "Tuendelee."

Familia moja iliinuka ikatoka, baba mbele, watoto wakigeuka nyuma kutazama. Ikafuata nyingine. Kinyozi aliwafungulia mlango, akawaambia wapite salama. Waliobaki wakaimba ubeti wa tatu, vibaya sana.

Jioni ile ile wazee walimwita.

"Uliambiwa," mwenyekiti alisema.

"Niliambiwa."

"Sasa kwa nini?"

Kinyozi alikuwa ametayarisha maneno njiani, yote yakampotea. "Mliniweka pale niseme karibu," akasema. "Nimejaribu na lile neno lingine, nikaliona halinikai mdomoni."

"Hilo si jibu, mzee mwenzangu."

"Najua. Ndilo nililonalo."

Yule mzee mkali akataka kinyozi avuliwe uzee kabisa. Kinyozi akamtazama, akamtazama tu, mpaka mwenyewe akakumbuka kuwa ana safari mapema kesho. Wakaishia hapo: kinyozi abaki mzee wa kanisa, ila mlangoni apumzike. Alipolisikia neno hilo alitaka kucheka. Akajizuia, kwa sababu mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa na masikio yamemwiva.

Mambo hayakuisha vizuri wala vibaya. Familia kadhaa zilihamia kanisa jingine, na mojawapo ilikuwa ya rafiki yake kinyozi wa siku nyingi, ambaye hata kunyolewa alikwenda kwingine. Hilo lilimuuma kuliko kikao. Meza ya Bwana inapoandaliwa, mkate na kikombe huwapita wale wawili. Mchungaji amesema suala lao limepelekwa ngazi ya juu, na ngazi ya juu haina haraka. Muuguzi huja zamu ikimruhusu, siku nyingine haji kwa kukata tamaa tu, na fundi huja naye au bila yeye. Kuna wanaowasalimia kwa mikono miwili, na kuna wanaokumbuka ghafla kwamba wameacha kitu garini. Mama Kwaya aliwahi kumwomba fundi radhi jikoni, kwa maneno yaliyozunguka sana. Fundi akamwambia yeye aliulizwa swali akajibu, hakuna wa kuombwa radhi hapo.

Mama mtu alipoulizwa kama atagoma kushiriki kikombe mpaka wanawe wapewe, alisema hapana. "Sitamnunia mwenye meza kwa sababu ya wahudumu wake." Baadaye, nyumbani, alilia, na fundi ndiye aliyemfuta machozi, maana muuguzi alikuwa kazini.

Mlangoni sasa anasimama mkwe wa mwenyekiti, kijana mwenye suti, anayesalimia kwa ncha za vidole. Kinyozi anakaa benchi la mbele, mwisho, pembeni ya mpwa wake. Miaka yote ile ya kusimama hakuwahi kusikiliza mahubiri mpaka mwisho, kwani palikuwa na wachelewaji wa kupokea, watoto wa kutuliza, mlango wa kusukuma. Amegundua kwamba mahubiri ni marefu. Jumapili iliyopita, joto likiwa limekaza, alihisi kiwiko kinamchoma mbavu.

"Mjomba," muuguzi alimnong'oneza. "Unakoroma."

"Sikoromi," kinyozi akasema bila kufumbua macho. "Nimepumzika."

Upande wa pili fundi akaziba mdomo kwa kiganja, na yule mama akawakodolea macho wote watatu, kama alivyokuwa akiwakodolea watoto wake wa shule ya Jumapili.